Haflinger: magurudumu yakijikunja, je, ekseli zimepinda?

Swali: Nina Haflinger, kigari cha 4x4, ya miaka ya 1960. Nikiinua gari kwa jeki, magurudumu yanajikunja, upande wa chini unaingia uvunguni. Fundi anasema ekseli zimepinda. Ni kweli? Na zile gia kwenye kila gurudumu ni za nini?

Jibu: Asizinyooshe! Ndivyo gari lilivyoundwa. Haflinger, iliyoanza kutengenezwa na Steyr-Daimler-Puch mjini Graz, Austria, mwaka 1959, haina chesisi ya vyuma viwili sambamba. Uti wake ni bomba moja linalounganisha difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia) ya mbele na ya nyuma, na shafti ya kupeleka nguvu inazunguka humo ndani. Kila gurudumu lina nusu-ekseli yake inayopanda na kushuka kutokea kwenye difu. Gari likiinuliwa, nusu-ekseli inaning'inia na gurudumu linalala nayo.

Mpango huu ulirithiwa. Msanifu, Erich Ledwinka, ni mtoto wa Hans Ledwinka, aliyeiunda Tatra 11, gari la Chekoslovakia la 1923, kwa bomba la namna hiyo na nusu-ekseli nyuma. Haflinger inazo mbele pia. Kasoro yake ni kwamba kona kali kwa mwendo mkubwa huweza kulikunja gurudumu chini ya gari. Ila kwa injini ya cc 643, mwendo huo utautoa wapi?

Gia za gurudumuni ndizo zinazonivutia zaidi. Rimu ni za inchi 12 tu, hivyo ekseli ya kawaida ingekwaruza mawe. Gia hizo zinaiweka juu ya kitovu cha gurudumu. Tena zinapunguza mzunguko mwishoni kabisa, kwa hiyo shafti na difu hazibebi nguvu yote ya kusokota na zinaweza kuwa nyepesi. Ndiyo maana gari la kilo 600 na ushei liliweza kubeba karibu kilo 500. Gharama yake ni maboksi manne ya gia, kila moja na oili yake, na mafundi wengi huyasahau. Yakague kwanza.

Kisha shusha gari, ulisukume mbele na nyuma mita chache kabla ya kupima ulalo wa magurudumu, kwani tairi lililosimama hung'ang'ania chini na kuizuia ekseli isirudi mahali pake. Gurudumu moja likibaki limelala tofauti na mwenzake, angalia springi ya upande huo.