Kiboko wangu amepauka: niliuziwa jiwe bandia?

Shikamoo Shangazi. Aprili tulitoka Kisumu kupeleka mahari ya binamu yangu upande wa Tabaka, Kisii. Gari likapata pancha, tukashuka kunyoosha miguu. Kando ya barabara, ndani ya nyasi, nikakuta watu wa mawe: mama na mtoto, watano walioshikana mikono duara, na kichwa kikubwa ambacho kuku walikuwa wamekigeuza kituo chao. Hapakuwa na ua wala mlinzi. Nilisahau kabisa kwamba tunachelewa. Nilirudi na kiboko mweusi wa jiwe niliyemnunua hapo, nikamweka langoni kwangu Mamboleo. Juzi kijana wa kazi kamsugua kwa waya ya sufuria. Weusi umetoka, amepauka kama ugali wa jana, na sikio moja limekatika. Je, niliuziwa jiwe bandia? Na zile sanamu za nyasini zimetupwa? – Msomaji, Kisumu

Marahaba mwanangu. Hukuibiwa, kiboko ameogeshwa vibaya tu. Mimi nimekulia Tabaka. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nakaa na mama mbele ya beseni, mikono ndani ya maji, tukipiga jiwe msasa. Kule wanaume huchonga, kina mama na watoto husugua na kuosha (na malipo hayafanani, lakini hayo tuyaache leo).

Kiboko wako ni wa jiwe la sabuni, na kwa kawaida jiwe hilo huwa na talki nyingi, madini yaleyale ambayo kwa miaka mingi yamesagwa kuwa poda ya mtoto. Ndiyo maana linateleza mkononi. Ukucha wako unaweza kuliachia alama, na fundi huligeuza mnyama kwa panga na kisu. Jaribu hivyo kwenye mwamba mgumu wa Kit Mikayi, huko kwenu Kisumu, uone kisu kitakavyobaki! Sasa wewe umelipeleka kwenye waya ya sufuria.

Na weusi? Jiwe lenyewe huwa jeupe, la kijivu au la waridi. Ule mweusi mara nyingi ni rangi ya kupakwa juu, kisha fundi huikwaruza ili michoro myeupe itokee. Kijana wako kamaliza kazi ya kukwaruza.

Mrekebishe hivi. Nunua msasa wa maji, ule wa chembe nene na ule laini kabisa. Mloweshe kiboko, anza na mnene, malizia na laini. Usimsugue akiwa mkavu, vumbi lile ni baya kwa mapafu. Mkaushe vizuri, kisha mpake nta isiyo na rangi na umpanguse kwa kitambaa mpaka ang'ae. Ukitaka weusi urudi, paka rangi. Mimi ningemwacha mweupe, viboko weusi tumewachoka.

Zile za nyasini hazijatupwa. Hilo ndilo duka, ila halina paa. Mama wa mawe wa urefu wa mtu utampitisha mlango gani? Mvua haimtishi, kinachomuua ni kuanguka. Usione kuku ukadhani kazi ni duni: sanamu ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa hukohuko Kisii, iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Sikio, kama bado unalo, osha sehemu iliyovunjika, ikauke, libandike kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Na umwondoe kiboko langoni kabla bodaboda hajamgonga.