Ukitaka wageni waje Jozani bila teksi, anza na utingo

Msimu wa wageni ukifika, langoni mwa msitu wa Jozani, Unguja, utakuta magari madogo yamejipanga, kila moja limeleta mtu mmoja au wawili. Barabara ni ile ile moja itokayo mjini kwenda kusini, na kima punju huivuka kutwa, kutoka msituni kwenda mashambani. Mnyama huyu nje ya Zanzibar hapatikani. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua, havikwisha. Dereva anayewahi ndege hana habari na tuta.

Nimekaa miaka miwili kwenye kamati ya kijiji iliyotaka wageni waje kwa daladala, kisha wapande baiskeli mpaka njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete. Kama na kwenu mnafikiria jambo la namna hii, sikilizeni tulivyokosea.

Mkutano wa kwanza tuliuita Jumamosi asubuhi. Wanaume walijaa, wakasema mpaka wakachoka. Mwanamke hata mmoja. Jioni nikamuuliza jirani yangu: "Bi, mbona hamkuja?" Akanicheka. "Mwanangu, leo bamvua. Asubuhi maji yametoka, sisi tuko pwani tunaokota chaza, nyinyi mnakutana na viti vyenu." Mtoto wa pwani mimi, najua bamvua ni siku maji yanapojaa na kutoka sana, nikaona haya. Tangu siku hiyo tarehe hatupangi kabla ya kuhesabu mwezi, na mikutano tunaiweka maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana. Kinamama walipokuja ndipo tukajua kuwa ile njia tuliyoichorea baiskeli ndiyo wanayopita na kuni kichwani. Ramani yetu ikabidi tuikunje. Njia ikahamishwa, na wakatuongezea sharti: mgeni asiwapige picha bila ruhusa.

Baiskeli nazo. Mfadhili alituletea za gia nyingi, nzuri kwelikweli. Hewa ya chumvi ikazila minyororo, fundi wetu hana vipuri vyake, na haukupita mwaka nusu yake zimeegemezwa ukutani zikitagiwa na kuku. Muulizeni fundi kwanza, kisha ndiyo mpokee msaada. Baiskeli ya gia moja ambayo kila fundi anaijua ingetutosha.

Lakini kilichotusumbua zaidi ni kurudi. Kuja si tabu: mgeni anapanda daladala namba 309 ya Jambiani au 310 ya Makunduchi, anashuka langoni. Alasiri magari yanarudi mjini yamejaa, yanampita juani, na kesho yake anakodi teksi. Sisi tulikuwa tunajadili kununua basi letu! Utingo mmoja, tuliyemwalika kwa kuchelewa, akatutazama kwa huruma. "Nipeni namba ya simu ya hapo langoni. Nikirudi, nikifika Kitogani, kabla ya lango lenu, nawaambia nina nafasi ngapi."

Nauli tukaiandika kwenye ubao, mgeni na mwenyeji sawa. Basi hatukununua.