Matope ya kijivu kwenye matuta ya mchicha

Dada, umesema shamba lako huko Geita liko chini ya lundo la marudio (mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa na kuchenjuliwa), na kila mvua kubwa ikinyesha matope ya kijivu hushuka hadi kwenye matuta. Mchicha usipande tena hapo kwa sasa, tafadhali.

Marudio yamesagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, yakawa laini kama unga, na zebaki ya kukamatia dhahabu, ambayo ni metali yenye sumu, imebaki humo. Chembe laini ndizo zinazoshika metali nyingi, na ndizo maji huzibeba mbali zaidi. Chukua tope hilo likikauka, lisugue vidoleni: linateleza kama poda. Metali hizi haziozi. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa madini ya risasi (lead) ulifungwa 1994, lakini risasi hiyo ingali kwenye udongo wa makazi.

Chimba mtaro wa kukinga maji juu ya shamba na uyaelekeze maji yake mbali na kisima. Panda vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, ishike udongo. Kisha peleka sampuli ya udongo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Mwanza. Waambie wapime zebaki, risasi na aseniki, ambayo nayo ni sumu. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakivionyeshi. Na watoto wasichezee tope hilo hata kidogo.