Pumzi Hurudi Kabla ya Kano: Kwa Mliokuja Kukimbia Mkiwa Wazee

Nimewatazama kwa muda nikajizuia, sasa uvumilivu umenishinda. Kila mara anatokea mgeni aliyeshapita hamsini, kafufua raba, kakimbia mwezi mmoja na nusu kwa raha zake, halafu namwona anachechemea huku akidai ni "uchovu tu wa kisigino". Ndugu yangu, kisigino hakichoki namna hiyo. Mimi sijifanyi kocha. Nina miaka 58 na mwaka mmoja tu tangu nirudi kwenye mbio. Ila makosa yenu nimeshayafanya yote, tena kwa mfuatano huo huo, kwa hiyo nisikilizeni kidogo kabla hamjaenda kubandika rekodi nyingine ya kilomita tano.

1. Mbio nyepesi ziwe nyepesi. Kanuni mnaijua: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, umepitiliza. Wote mnaijua na wote mnaivunja, hasa akitokea kijana akawapita. Mwacheni apite. Ed Whitlock wa Kanada, mtu wa kwanza mwenye zaidi ya miaka 70 kumaliza marathoni chini ya saa tatu, alifanya mazoezi yake kwa kuzunguka makaburini, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka saa tatu kwa siku, polepole. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, akamaliza kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Utani kuhusu wazee kukimbia makaburini nawaachia ninyi.

2. Saa ya mkononi isiwatishe wala isiwape kichwa. Ile hesabu ya 220 toa umri inanipa mapigo 162 ya moyo kwa dakika, ya juu kabisa; ile nyingine, 208 toa asilimia 70 ya umri, inanipa 167. Zote mbili ni wastani wa watu wengi, na wewe mmoja unaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo kumi na ushee. Nimewahi kupigiwa kelele na saa yangu kilimani huku nikipiga soga na mwenzangu bila shida yoyote.

3. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa. Hapa ndipo nilipotaka kufika, mengine yote ni salamu.

Moyo na mapafu hujifunza haraka. Wiki chache tu damu inaongezeka, misuli inaanza kutumia oksijeni vizuri, na wewe unajiona umerudi ujanani. Kano haiko hivyo. Damu inayoifikia ni kidogo, inajijenga kwa miezi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo inavyozidi kujivuta. Kwa hiyo unafika wiki ya sita una pumzi ya mkimbiaji na kano za mtu aliyekaa kitini miaka ishirini. Ndiyo maana kwetu sisi wazee balaa huangukia sana kwenye tafu na kano ya kisigino.

Mimi dalili nilizipata mapema. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza kwenda chooni nilizipiga kama bata. Nikianza kukimbia maumivu yapo, baada ya dakika kumi yamekwisha. Nikajipongeza: yanaisha yenyewe! Kumbe kano ikipata moto hunyamaza, na usiku ikipoa inadai deni lake. Mke wangu alinisikia nikishuka ngazi za nyumbani ubavu ubavu, mkono kwenye ukuta, akauliza kulikoni. Nikamwambia ni usingizi. Akasema, "Usingizi wa mguu mmoja?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi wiki ile ile nikaongeza mbio ndefu, nikaingiza intavali za kilimani, yaani vipande vya mbio za kasi vyenye mapumziko kati yake, na juu yake nikavaa raba mpya zenye soli bapa kwa sababu jamaa mmoja mwepesi wa miaka ishirini na kitu alizisifia. Kilima kinavuta kano, soli bapa inavuta kano, na mimi nikaviunganisha. Haikukatika, namshukuru Mungu, lakini katikati ya intavali ilinichoma kiasi kwamba niliinama palepale nimekishika kisigino kwa mikono miwili. Binti mmoja akapita anakimbia, akapunguza mwendo: "Shikamoo mzee, uko salama?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu, nafunga kamba tu." Akaniangalia, akaangalia kamba zangu, ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa, akaendelea na safari. Ile aibu bado ninayo. Ningemwambia ukweli angenisindikiza. Badala yake nilirudi nyumbani kwa miguu, na ilikuwa mbali.

Halafu nikakosea tena: nikalala. Nikapumzika moja kwa moja mpaka maumivu yakatulia, nikatoka mbio, siku ile ile yakarudi. Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa viungo, aliyenieleza kwa subira ambayo sikustahili kwamba kano haiponi kwa kubembelezwa, inapona kwa kubebeshwa mzigo kidogo kidogo. Akanipa zoezi lililoenezwa mwaka 1998 na daktari wa Sweden, Håkan Alfredson: unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, unajiinua kwa mguu mzima, kisha unashuka polepole kwa ule mgonjwa mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu goti likiwa limenyooka, seti tatu nyingine likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Pigeni hesabu: ni mara 180 kwa siku. Linachosha akili kuliko mwili. Lakini linafanya kazi, ila kama maumivu yako yako pale kano inaposhika mfupa, usishuke chini ya usawa wa ngazi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Hakimu ni asubuhi inayofuata. Ikiwa mbaya kuliko jana, punguza.

4. Ongeza kimoja tu kwa wakati: umbali, kasi, vilima au viatu.

5. Nyanyueni vyuma mara mbili kwa wiki, na acheni visingizio.

6. Ukiandikiwa siprofloksasini, ile dawa ya kuua bakteria, au dawa za kundi lake, mwambie daktari kwamba unakimbia, maana zinajulikana kwa kudhuru kano, hasa kwa waliopita miaka 60.

7. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama na uende kwa daktari, usije kutuuliza sisi.

8. Msijipime na muda wenu wa zamani. Mashindano ya wakongwe yana makundi ya miaka mitano mitano kuanzia 35, na yana raha yake ambayo vijana hawaijui. Rafiki yangu alipokaribia kutimiza 60 alikuwa akihesabu siku kama mtoto anayesubiri sikukuu, kwa kuwa katika kundi la 55 alikuwa akiburuzwa kila mara. Siku ya kwanza kwenye kundi jipya alijipanga mbele kabisa, kifua mbele, dogo wa kundi. Akashindwa na bibi mmoja wa miaka 67 aliyemwambia mwishoni kwamba alianza kwa kasi mno. Hakununa. Sasa wanafanya mazoezi pamoja, na bibi ndiye anayepanga mwendo.

Na wewe uliyeniuliza jana kama mwezi mmoja unatosha kujiandaa na nusu marathoni, kwanza niambie leo asubuhi ulishuka kitandani vipi.