Harry Potter and the Cursed Child pale London: jibu refu kwa mleta mada

Dada, umeuliza kama inafaa kutoa hela zote hizo kwenda kutazama Harry Potter and the Cursed Child pale Palace Theatre, kama baba watoto ambaye hajasoma hata kitabu kimoja ataambulia chochote, na kama mdogo wa miaka sita anaweza kufuatana na kaka yake wa kumi na moja. Waliotangulia wamekujibu "nenda" au "usiende" basi. Mimi nilikwenda na binti yangu, tukakaa mchana hadi usiku, kwa hiyo acha nijibu kwa kituo.

Inafaa. Lakini jua unachonunua. Hii si filamu iliyopandishwa jukwaani, na si onyesho la kuimba. Ni tamthilia ya maneno, kisa kipya kilichotokea baada ya vitabu vya Harry Potter, yule kijana mchawi, kwisha. Mwandishi wake ni Jack Thorne, na kisa alikitunga pamoja na J.K. Rowling, mwenye vitabu vyenyewe, na mwongozaji John Tiffany. Ilizinduliwa rasmi Julai 2016, na mwaka uliofuata ikabeba tuzo 9 za Olivier, zile tuzo kubwa za maigizo ya London. Tuliyoiona sisi ilikuwa na sehemu mbili, kila moja zaidi ya saa mbili na nusu ukihesabu na mapumziko. New York nao walianza na mbili, lakini 2021 wakazibana zikawa moja. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kulipa, soma vizuri tarehe unayoitaka inakupa nini. Na ukikuta sehemu mbili, zichukue zote siku moja. Kuna watu huzigawa siku mbili. Ya kwanza inakuacha pabaya sana, na safari ya kurudi nyumbani usiku ule na mtoto anayekuuliza maswali mfululizo sikuombei.

Kuhusu baba watoto. Msimulie mambo machache tu usiku wa kabla: kwamba kuna shule ya uchawi, ina mabweni manne, bweni moja lina sifa mbaya, kulikuwa na mchawi dhalimu ambaye Harry alimshinda akiwa kijana, na kuna mvulana mmoja anaitwa Cedric aliyekufa katika mashindano ya shule. Yatosha. Kisa chenyewe kinaanzia kituo cha King's Cross miaka 19 baadaye. Harry sasa ni mtu mzima, mtumishi wa wizara aliyezama kwenye mafaili, baba wa watoto watatu, na huyu wa kati, Albus, haziivi kabisa. Mtoto anapelekwa shule aliyosoma baba, jina la baba limejaa kila kona, na yeye hana analoliweza. Rafiki pekee anayempata ni mtoto wa hasimu wa baba yake. Naishia hapo, maana tangu maonyesho ya mwanzo watazamaji waliombwa watunze siri, hata beji za kuwakumbusha wakagawiwa, na mimi sitakuwa wa kwanza kuzimwaga.

Lakini kuna mahali pamoja lazima nipaseme, na pako mapema. Baba na mwana wanagombana chumbani. Mtoto anasema angependa huyu asingekuwa baba yake. Na Harry, kwa hasira, anamrudishia neno la namna ile ile. Dada, ukumbi ule una watu kama elfu moja na mia nne. Nilichokisikia baada ya neno lile ni kimya, kisha kikohozi kimoja huko juu. Sisi tunaolea watoto ughaibuni, ambao watoto wanatusahihisha Kiingereza mbele za watu na sisi tunawarushia "mimi kwa umri wako", tulijijua. Mzee mmoja wa safu ya mbele yetu, ambaye hadi hapo alikuwa anatazama saa, hakuitazama tena. Nina hakika na yeye hakuwa amesoma kitabu hata kimoja.

Sasa mazingaombwe, ambayo ndiyo kila mtu anayoulizia. Tegemeo lao kubwa ni giza, taa na mikono ya watu. Wachezaji wanapita na majoho mapana, joho linazungushwa, na likitulia kitanda kilichokuwepo hakipo. Mara ya kwanza nilidhani nimepepesa macho. Mara ya pili nikakaza macho kwenye kile kitanda, nikaapa safari hii sipitwi, nikapitwa. Masanduku ya safari yanapangwa yanakuwa treni. Kuna kibanda cha simu kinachowameza watu wazima mmoja baada ya mwingine, na kwa umbali ule unaona kabisa hakina upana wa kuwaficha. Fundi wa mazingaombwe hayo ni Jamie Harrison, na kazi yake imesifiwa kwa haki. Na kila muda wa kisa unaporudishwa nyuma, jukwaa zima linatetemeka mbele ya macho yako, sauti inapita kifuani. Binti yangu alinishika mkono kwa kucha.

Kwangu mimi, hata hivyo, penye utamu zaidi hapana uchawi wowote. Ni ngazi mbili za magurudumu, wavulana wawili ambao wamekatazwa kuonana, na muziki wa Imogen Heap. Ngazi zinasukumwa, zinakutana, zinaachana, na wale wawili kila wakikaribia kugusana wanajikuta kila mmoja kaelekezwa kwake. Hakuna anayesema neno. Nimeona watu wanatoka wakisimulia moto na mapigano ya fimbo, hakuna anayezitaja zile ngazi, nikashangaa.

Viti. Hapa watu huliwa hela. Palace ni jengo la 1891, lina ngazi nne za viti, na wakati ule hakuna aliyefikiria viumbe vitakuja kuruka juu ya vichwa vya watazamaji. Ukikaa chini lakini nyuma kabisa, dari la roshani ya kwanza linakukata sehemu ya juu ya jukwaa, na mengi hutokea huko juu. Roshani ya kwanza, katikati, ndiyo bora kuliko zote, na bei yake inajua hivyo. Ya juu kabisa ni rahisi lakini ni mwinuko haswa; kama una magoti mabovu au unaogopa kimo, hapana. Ukaribu nao usikudanganye: safu za mbele kabisa unaona jasho la mchezaji, lakini umbo la jukwaa linakupotea. Kwa miaka mingi walikuwa na utaratibu wa tiketi 40 kila Ijumaa kwa pauni 40 sehemu zote mbili, viti vizuri tu. Angalia kama bado upo kabla hujaangukia tovuti za walanguzi. Mimi niliangukia mojawapo, nikalipa karibu mara mbili ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi yenyewe.

Watazamaji wenyewe ni nusu ya onyesho. Wanakuja na skafu za mabweni yao, wengine wamevaa majoho kamili mchana kweupe pale Cambridge Circus, njia panda iliyo mbele ya ukumbi, na basi zinawapita bila dereva kugeuza shingo. Ndani lakini ni adabu za Waingereza. Sisi tumezoea taarabu, wimbo ukikukolea unainuka katikati ya ubeti ukamtuze mwimbaji. Hapa ukiinuka katikati ya onyesho, mhudumu anakumulika na kijitochi. Simu zinazimwa kabisa, na ukichelewa unasubirishwa nje hadi wapate nafasi ya kukuingiza. Ila kuna dakika adabu zote huvunjika: mtu akigeuka mwingine mbele yako, ukumbi mzima unatoa sauti ile ya kuvuta pumzi kwa pamoja, hata wale waliokuja mara ya pili. Wakati wa mapumziko kuna aiskrimu ya kikopo kidogo, kijiko kiko chini ya kifuniko. Bei yake usiulize.

Jambo la pembeni kwa wanao: mchezaji wa kwanza kabisa wa Hermione, yule rafiki wa Harry tangu shule, pale London alikuwa Noma Dumezweni, mzaliwa wa Swaziland, wazazi wake Waafrika Kusini, na utotoni alipitia Kenya na Uganda kabla ya kufika Uingereza. Alipotangazwa Desemba 2015 watu walipiga kelele mitandaoni kwamba Hermione hawezi kuwa Mweusi. Rowling akamtetea waziwazi. Mwaka 2017 alichukua Olivier. Wachezaji hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo utakutana na wengine, lakini nilimsimulia binti yangu kisa hicho ndani ya treni na nadhani kilimkaa.

Mdogo wa miaka sita: muache. Waandaaji wanapendekeza miaka 10 na kuendelea, na hawajakosea. Wale Dementor, viumbe wa kutisha wa kwenye vitabu, hapa ni vitambaa vyeusi vilivyochanika vinavyoelea kimyakimya juu ya viti, na vinaogofya hata mtu mzima. Safu ya nyuma yetu kuna mtoto alilia mpaka mama yake akamtoa, na sehemu ya pili sikuwaona wakirudi. Mbali na hofu, kuna maongezi marefu ya watu wazima kuhusu ndoa na kazi ambayo mtoto wa umri huo atayaona adhabu. Huyu wa kumi na moja mpeleke bila wasiwasi.

Na mkipata sehemu mbili kwa siku moja, kati ya moja na nyingine mtakuwa na saa kadhaa. Msile karibu na ukumbi, vukeni barabara ya Shaftesbury Avenue mkaingie Chinatown, mtaa wa Wachina, ni dakika chache kwa miguu. Mle mapema, maana watu wote wa ukumbi ule wana wazo hilo hilo.