Nimefikisha 18, huyu bado ni mama yangu?

"Shikamoo Anti. Mi kijana wa Ujiji, ustawi wa jamii walinipeleka kwa mama mmoja nikiwa na miaka 7, ndo kanilea mpaka leo. Mwezi jana nimetimiza 18, afisa kaja kasema faili linafungwa. Mama hajaniambia niondoke ila kuna mtoto mwingine analetwa, atalala chumbani kwangu. Nimeona geto Gungu, 30,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu. Napiga vibarua Kibirizi kuanika dagaa. Niondoke kimya kimya au niage? Jana bado kaniwekea mgebuka kipande cha mkia maana anajua kichwa sili. Nikitoka bado ni mama yangu?"

Marahaba mwanangu. Swali la hela umelitanguliza, la moyo umelificha mwishoni kabisa, mi naanza na hilo la mwishoni.

Kilichoisha ni karatasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18, umefika, basi afisa kafunga faili lake. Lakini faili halikujua kama kichwa cha mgebuka huli, anayejua ni mama. (Na malezi kama hayo yako ustawi wa jamii wanayaita "malezi ya kambo", jina silipendi hata kidogo, mtu akisikia kambo anawaza yule mama mbaya wa hadithi za bibi.)

Kimya kimya usithubutu! Umeandika mwenyewe hajakwambia uondoke, afu hapo hapo ushatafuta chumba, yani umejifukuza mwenyewe. Mkae jioni umuulize kwa mdomo wako, mama nikihama nije kula Jumapili? Nikiumwa je? Mi nilivyohama kwetu niliondoka kwa mbwembwe bila kuaga vizuri, wiki ya pili malaria ikanikamata, siku tatu nimelala na kidumu cha maji pembeni nasikiliza redio ya jirani, naona aibu kurudi, na nyumbani ni nauli ya daladala moja tu.

Sasa hela. We wa Kibirizi unajua kuliko mimi, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala na wewe unalala, ila kodi hailali. Na mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kabisa 15 Mei mpaka 15 Agosti, ungekuwa geto ungekula nini? Usitoe hiyo 90,000 ukabaki mweupe, omba ulale sebuleni miezi kadhaa ujaze akiba, na ukiweza ulizia kozi fupi VETA hapo hapo Kigoma, ufundi hautegemei mwezi.

Jambo ambalo hukuuliza na ndo linaniumiza kichwa ni makaratasi. Kigoma yetu tunaijua, Burundi hapo Kongo pale, ukienda kuomba kitambulisho cha NIDA unaulizwa baba nani, babu nani, alizaliwa kijiji gani, na we wa kumtaja pengine huna. Kwa hiyo wiki hii, sio mwezi ujao, nenda kwa huyo afisa uombe nakala ya barua iliyokupeleka kwa mama kabla faili halijatupwa stoo likaliwa na mchwa, cheti cha kuzaliwa kama hamna muanze kukifuatilia RITA, afu nenda na mama mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa akakutambulishe, maana yeye ndo shahidi wako wa miaka 11. Bila namba ya NIDA hata laini ya simu kwa jina lako husajili, na hiyo unayotumia nahisi imesajiliwa kwa kidole cha mama.

Huyo mdogo akija usimnunie. Na we uliingia hapo na miaka 7 hujui choo kiko wapi, mwoneshe.

Geto lipo, Gungu haihami. Ongea na mama kwanza, afu niandikie kajibu nini kuhusu Jumapili.