Re: Redio inazima nikibonyeza PTT
Mkuu, kama redio yako ya HF (ya mawasiliano ya mbali) ya wati 100 inapokea fresh ila ukibonyeza PTT (kitufe cha kurusha) inazima na kuwaka tena, usikimbilie kununua transista za fainali (zile za kukuza nguvu ya kurusha), hapo nashuku umeme tu. Ikirusha inakula kama ampia 20 kwa volti 13.8, ikipokea haifiki hata 3, ndo maana ukisikiliza tu huoni shida. Chomeka dami lodi (mzigo wa kujaribia badala ya antena), weka modi ya FM (modi ya SSB usipoongea hairushi kitu), mtu akubonyezee PTT we upime volti pale nyuma ya redio, sio kwenye pawa saplai. Ikishuka chini ya 11.7 hivi basi mwizi wa volti yuko njiani, kati ya pawa saplai na redio. Yangu ilinitesa wiki nzima, nimeshafungua mfuniko na skrubu moja nimepoteza mpaka leo, kumbe kishikio cha fyuzi kwenye waya kimeingia kutu ya kijani, ukikigusa cha moto hadi plastiki imelegea. Nikakata nikafunga kipya, kwisha. Volti zisiposhuka na kwa dami lodi inatulia, kagua antena na koaksia (waya wa antena), SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ikiwa juu RF (mawimbi ya redio) inarudi ndani inaichanganya redio.